Eda ya Mzenga

Talaka ilimkuta Firdausi bandani, trei ya mayai mkononi.

"Nimekuacha," sauti ya Mwishehe ilisema kwenye simu. "Talaka moja. Usije Mzenga. Dada ananihudumia."

"Umekunywa maji leo?"

"Firdausi, umenisikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nami nimekuuliza maji."

Simu ikakatwa. Kuku mia tatu waliendelea kupiga kelele kana kwamba duniani hakujatokea kitu. Firdausi akaweka trei chini, wala yai moja halikupasuka, kisha akakaa juu ya gunia la pumba.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Aliolewa angali msichana kwao Tabora, akafiwa, akahamia Tumbi na kuanza kufuga. Mapenzi alikuwa ameshayafungia kabatini pamoja na nguo za arusi. Ndipo akaja fundi mmoja wa pampu za maji kule Ruvu, mgane, mrefu, mpole, mtu wa kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Alikuja kununua mayai. Kesho yake akarudi. Akanunua mayai mpaka majirani zake wakamwuliza kama amefungua duka la keki. Alipoishiwa visingizio akasema, "Mama, mayai nimeyachoka. Nimekuja kukutazama tu." Wakaoana.

Hawajazoeana vizuri, ikaja saratani ya tezi dume.

Walimfanyia upasuaji Dar es Salaam, ule wa matundu madogo. Kamera na vyuma vyembamba viliingizwa tumboni, tezi ikatolewa bila kumpasua mtu. Alitoka na vidonda vya kufunikwa na plasta, ungedhani ameumwa na wadudu. Lakini alitoka pia na mpira wa mkojo, umepita kwenye njia yake ya haja ndogo mpaka ndani ya kibofu, na mfuko wake umefungwa pajani. Pale tezi ilipokuwa, kibofu kilikuwa kimeshonwa upya, na mshono ulikuwa unapona ukiwa umeuzunguka mpira huo.

Nesi aliwakalisha wote wawili. "Unanawa mikono kwanza. Unasafisha mpira kwa maji na sabuni, unatoka mwilini kwenda nje. Mfuko ukae chini kuliko kibofu, siku zote. Mpira usikunjwe, usivutwe. Baba anywe maji mengi. Mkojo ukiwa na wekundu kidogo msiogope. Mkojo ukikoma kutoka, msingoje asubuhi, njooni. Na mtu yeyote asiuchomoe mpira huu ila daktari."

Firdausi alishika kila neno. Mwishehe alikuwa anatazama ukuta.

Jioni ya kwanza nyumbani, alipopiga magoti kumwaga mkojo wa mfukoni, alimwona mumewe amegeuza uso, machozi yamemjaa. Akataka kumchekesha. "We mwanaume, nazoa kinyesi cha kuku mia tatu kila siku, mkojo wako ndio utanishinda?"

Mwishehe hakucheka. Kulipokucha alimpigia simu dada yake wa Mzenga aje amchukue.

Firdausi akamwacha aende. Alijua mgonjwa hulilia kwao. Hakujua kama angefika kwao na kumtupia talaka kwa simu, kama mtu anayerudisha trei tupu.

Akainuka kwenye gunia, akaenda kumwita jirani yake Stellamaris.

"Niangalizie kuku. Maji asubuhi na jioni, chakula utakikuta stoo. Naenda Mzenga."

"Si umeniambia umeachwa?"

"Nimeachwa. Naenda kukaa eda."

Stellamaris akashika kiuno. "Mwenzangu, una akili kweli? Mtu kakuacha, unamfuata na godoro?"

"Talaka moja si mwisho. Mwanamke hukaa eda katika nyumba ya mumewe, hatolewi wala hatoki. Katika muda huo mume akitaka anamrejea kwa neno tu. Sasa mimi mume wangu yuko Mzenga. Hapa nitakaa eda ya kuku?"

"Sisi kwetu kanisani hakuna mambo ya eda. Ukiingia umeingia, mpaka wakuzike."

"Basi na mimi sijatoka bado," Firdausi akasema, akaanza kukunja godoro.

*

Bodaboda kutoka Mlandizi ilimshusha Mzenga watu wakiwa wametoka kuswali alasiri. Akajitwika godoro kichwani, begi mkononi, akakata kichochoro cha mihogo kuelekea nyumba ya wifi yake.

Mwinyimadi alimwona kwanza. Huyu alikuwa rafiki wa Mwishehe tangu jandoni, mtu mnene wa maneno mengi, mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mananasi. Alikuwa ameegemea pikapu hiyo mbele ya nyumba.

"Lo! Mnyamwezi na mzigo kichwani!" akapiga makofi. "Mtani, misafara ya pembe za ndovu ilikwisha zamani, nyinyi hamjapata habari?"

"Tumepata. Ila Wazaramo mmebakiwa na mzigo wetu mmoja humo ndani, nimekuja kuuangalia. Shika upande huu."

Mwinyimadi akashika godoro, utani ukamtoka usoni. "Shemeji, hili jambo nimelisikia. Sikulipenda. Nimemwambia, kaniambia nimwache."

"Anakunywa maji?"

"Maji?" Mwinyimadi akashangaa. "Hilo sijui. Nimemwona toka mchana anatokwa jasho tu."

Mlangoni akatokea Mwanajuma, dada mkubwa wa Mwishehe, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mwanamke mkavu, mwenye sauti iliyozoea kutiiwa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Eda."

"Nyumba ya ndoa yako iko Tumbi."

"Nyumba ya ndoa ni pale mume anapolala, dada. Mimi sikumtoa Tumbi."

"Aliomba mwenyewe kutolewa! Umemfananisha na kuku, kaka yangu. Mtu mzima analia kwenye simu kama mtoto. Kisha unakuja na godoro!" Mwanajuma akateremsha sauti, maana barazani kulikuwa na watu. "Sikiliza, Firdausi. Umeachwa. Kumgusa huruhusiwi, hata kumtazama huruhusiwi, mpaka akurejee. Na hakurejei. Ukitaka kukaa, kuna chumba cha uani. Barazani usipite."

Firdausi angeweza kutii. Lakini mlango ulikuwa wazi, na kupitia mlango aliona baraza la ndani.

Mwishehe alikuwa amekalishwa kwenye kiti kirefu, kanzu nyeupe, kofia kichwani, kama bwana arusi. Wazee waliotoka msikitini walikuwa wamemzunguka, wanampa pole, wanamsifu kwa kupona upesi. Matundu tu, walikuwa wanasema, siku hizi madaktari wanafanya maajabu. Mwishehe alikuwa anaitikia kwa kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Mkono mmoja umekandamiza tumbo chini ya kitovu, vidole vya miguu vimejikunja.

Akainua macho, akamwona.

Kwa muda mfupi sana uso wake ulifunguka, ukawa ule uso wa mtu aliyekuja kununua mayai asiyoyataka. Kisha akakumbuka alichofanya, akaangalia chini. Firdausi alikuwa amejiandaa kwa hasira njia nzima, na mtu huyu alikuwa amemnyang'anya hasira yake kwa kumtazama tu. Akashusha macho yake yakatafuta mfuko, pajani, kando ya kiti, chini. Hakuuona.

"Mfuko uko wapi?" akauliza, kwa sauti ya kutosha watu wote kusikia.

Mzee mmoja akakohoa.

"Firdausi!" Mwanajuma akamvuta mkono.

"Nauliza mfuko wa mkojo wa mgonjwa uko wapi. Mbona simwoni nao?"

Ghafla kila mgeni akakumbuka shughuli yake. Huyu ameacha mbuzi, yule ana mgeni anamngoja. Baraza likabaki tupu, na Mwishehe amefumba macho kwa aibu.

"Umeridhika?" Mwanajuma akamgeukia. "Umemvua nguo mbele za watu."

"Dada, mfuko."

"Uko chini ya kitanda! Nimeuchomoa. Ulitaka nimweke kaka yangu mbele ya watu waliotoka kuswali, mkojo unaning'inia? Tumeukunja ule mpira kidogo, tukaufunga kwa utambi uliochanwa kwenye kanga, tukauficha chini ya msuli. Wageni wakiondoka tunafungua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla ya adhuhuri. Na maji amekataa mwenyewe, asijaze. Vidonda vyenyewe vimeshakauka, wewe unapiga kelele za nini?"

Mwishehe akatoa mlio. Haukuwa mlio wa mtu. Ulikuwa mlio wa kitu kinachofungwa kamba. "Dada," akasema. "Nifungue. Siwezi tena."

Wakamwingiza chumbani, Mwinyimadi amemshika kwapani, wakamlaza kitandani. Firdausi alibaki mlangoni. Alimwona Mwanajuma akifunua msuli, akaona tumbo la mumewe limevimba chini ya kitovu, gumu, linang'aa. Utambi ulikuwa umelowa na kukaza. Akauvuta, Mwishehe akapiga ukelele. Akageuka, akachukua wembe dirishani.

"Usikate!" Firdausi alikuwa ameshafika kitandani. "Mpira huo ndani una puto linaloushika. Ukiukata, puto linanywea, mpira unatoka, na mshono unaachia. Weka wembe chini."

"Humgusi wewe! Ni haramu kwako!"

"Simgusi yeye. Nagusa mpira. Mpira haujaniacha."

Nyuma yao Mwinyimadi alicheka mara moja, kama mtu aliyekabwa, akanyamaza.

"Lete maji na sabuni," Firdausi akamwambia.

"Sasa hivi? Anakufa huyu!"

"Lete maji na sabuni."

Akanawa. Kila sekunde ya kunawa Mwishehe alikuwa anauma mto, na Firdausi aliendelea kusugua kati ya vidole, kwa sababu kama angeacha hapo asingekuwa na sababu ya kuwa pale. Kisha akainama juu ya kile kifundo. Alikifungua kwa kucha, uzi baada ya uzi. Wakati wote huo uso wake ulikuwa karibu sana na tumbo la mumewe, akawa ananusa sabuni ya mtu mwingine kwenye ngozi aliyoizoea, na hakuigusa ngozi hiyo hata kwa bahati mbaya.

Utambi ukatoka. Akachukua mfuko mpya kutoka kwenye begi lake, akauunga, akaushusha chini ya kitanda.

Wakangoja.

Kikaja kipande cha damu nyeusi, kimeganda kama ini. Baada yake matone. Baada ya matone, hakuna.

"Mbona hautoki?" Mwanajuma akanong'ona.

"Damu imeganda ndani, imeziba." Firdausi akasimama wima. "Mimi nimefika mwisho wangu. Hapa hatusukumi maji wala hatuvuti kitu. Mtani, washa gari, twende hospitali ya Tumbi."

Mwishehe akafungua macho. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye kope. "Firdausi," akasema, "nime... nimeku..."

"Nyamaza!"

Wote wakashtuka.

"Neno hilo usiliseme sasa," alisema, na sauti yake ikapasuka katikati. "Sitaki kurejewa na kibofu. Ukipona maumivu kama unalo utasema, kama huna utanyamaza. Nitakubeba hivi hivi, kwa dharura, kama ningembeba mtu yeyote aliyeanguka barabarani."

Akakunja kanga mara mbili, akaipitisha mgongoni kwa Mwishehe, akamwinua kwa kanga. Mwinyimadi akashika miguu. Mwanajuma, bila kuambiwa, akashika mfuko na kuuweka chini.

*

Njia nzima ya vumbi mpaka Mlandizi, na kutoka pale kwenye lami, Mwishehe alikuwa amelala nyuma ya pikapu juu ya lile godoro la eda. Kila shimo lilimtoa sauti. Miaka mingi mtu huyu alikuwa anaamshwa kwa simu kwenda Ruvu kuhakikisha maji ya watu hayasimami bombani. Firdausi alilifikiria hilo, akaona halina maana yoyote, akaendelea kushikilia mpira usijikunje.

Hospitali waliwapokea jua likizama. Nesi akaweka pazia, akauliza, "Nani yuko na mgonjwa?"

"Dada yangu yule," Mwishehe akasema kwa taabu. "Na huyu..." Akasita. "Huyu ni ndugu."

Firdausi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea salamu. Akatoka nje ya pazia. Ndugu. Alisimama akisoma bango la unyonyeshaji lililokuwa ukutani, akalisoma tangu juu mpaka chini, akarudia.

Ndani daktari wa zamu alimpigia simu kwanza yule daktari aliyemfanyia upasuaji. Kisha akasukuma maji ya chumvi kwa sirinji, taratibu, akayavuta, akasukuma tena. Mabonge meusi yakatoka. Mwishehe alilia kwa sauti mara moja. Kisha mkojo ukafunguka, mwekundu, mwingi, na sauti yake ikaingia kwenye mfuko kama mvua kwenye ndoo.

Baadaye daktari alikuja kuwaambia yaliyobaki, na hakuyapamba. Homa ilikuwa imeshaanza. Atalazwa, atatundikiwa dawa. Shinikizo la mkojo huenda limeutanua mshono. Itabidi apigwe picha ya eksirei yenye dawa kuona kama unavuja. Mpira utakaa muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Na siku utakapotoka, wasitegemee kwamba mkojo utashikika upesi. "Huenda akavaa nepi kwa miezi," alisema. "Nyie mnaomhudumia mjue tangu sasa."

Mwanajuma alikaa kwenye benchi kama gunia lililotolewa mahindi. "Nilitaka asiaibike," alisema, hakumwambia mtu.

Firdausi akaingia ndani ya pazia, akakaa kwenye stuli, mikono mapajani.

Mwishehe alikuwa ametulia. Maumivu yalikuwa yamemwachia uso wa mtu mzee.

"Ndugu?" Firdausi akauliza.

"Ningesema nini? Nimekuacha."

"Hilo nalijua. Nauliza kwa nini."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakoroma.

"Daktari aliniambia kitu nikiwa peke yangu," Mwishehe akasema hatimaye. "Kabla ya upasuaji."

"Kwamba mishipa inapita karibu na tezi, na huenda nguvu za kiume zisirudi."

Akageuza kichwa kwa kasi mpaka mrija wa dripu ukacheza. "Nani kakuambia?"

"Yeye mwenyewe. Nilimfuata kwenye korido nikamwuliza. Ulidhani mume wangu anaingizwa vyuma tumboni, mimi nisiulize vinatoka na nini?"

"Ulijua. Na ulinyamaza."

"Nilikuwa nangoja uniambie. Nikasema, mume wangu ataniambia. Labda atanishika mkono, ataniambia. Siku zikapita. Ukanipigia simu nikiwa na mayai mkononi."

Akafumba macho. "Wewe bado mbichi, Firdausi. Nilitaka upate mtu mzima wa afya."

"Hukuniuliza kama namtaka."

"Utanichukia. Si leo. Utaamka siku moja unakuta mzee ananuka mkojo kitandani kwako, na hawezi kukufanya chochote. Utanichukia."

Hapo mwanamke mwingine angeapa. Firdausi alifikiri kwanza.

"Zitakuwepo siku za kuchukia," alisema. "Sikudanganyi. Nitakutamani, nitageukia ukutani niume shuka. Mimi sijafa, Mwishehe. Lakini ukutani huko nitakuwa nimegeukia nikiwa kwenye kitanda hicho hicho."

"Umenifananisha na kuku," akasema kwa sauti ndogo, kama mtoto anayetafuta shitaka la mwisho.

"Nilitaka ucheke."

"Najua. Ndiyo maana nililia. Nilitaka kucheka, nikakuta hakuna." Machozi yakamshuka pembeni, yakaingia sikioni. "Nikikurejea nakurejesha kwenye nini? Niambie. Nyumba hiyo ina nini?"

"Ina nepi. Ina mashuka ya kufua kila siku. Ina majibu ya maabara ambayo hayajatoka, na huenda yakawa mabaya. Naona yote. Miwani yangu ni ya kusomea tu, ya mbali naona."

Mwishehe akamtazama, safari hii hakushusha macho. Firdausi naye hakuyashusha, ingawa hakuruhusiwa.

Pazia likavutwa. Mwanajuma alikuwa amesimama hapo, macho mekundu, na haikujulikana amesimama tangu lini.

"Mwishehe."

"Naam, dada."

"Mimi nimekulea. Nilisema asikuguse, na kama angenisikiliza ningekuzika kesho. Sasa sikukalishi wala sikusimamishi, uamuzi ni wako. Lakini mtoto wa watu usimweke mlangoni, ndani hayumo, nje hayupo. Sema, au mwambie aende kwao."

Mwishehe akalamba midomo iliyokauka.

"Mwite Mwinyimadi," akasema. "Awepo."

Mwinyimadi akaja kwa vidole vya miguu, kofia mkononi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

"Sikieni," Mwishehe alisema. Alijaribu kuinuka, akashindwa, akalisema amelala, akitazama dari, kwa sauti ambayo homa ilikuwa inaikata vipande. "Nilimwacha mke wangu Firdausi talaka moja. Leo niko na akili yangu. Sina maumivu. Nimemrejea katika ndoa yangu."

"Tumesikia," Mwanajuma akasema.

"Tumesikia," Mwinyimadi akasema. Kisha akashindwa kujizuia. "Mnyamwezi kapata mzigo wake."

"Toka hapa, mjinga wewe," Mwanajuma akamsukuma, wakatoka wote wawili.

Firdausi alibaki amekaa vile vile. Mwishehe alikuwa anangoja. Labda alingojea tabasamu, labda mkono.

"Basi mimi ni mkeo tena?" Firdausi akauliza.

"Ni mke wangu."

"Hakuna shaka?"

"Hakuna."

Akasimama. "Basi sasa nina haki ya kukasirika." Na hasira yote iliyompotea pale Mzenga ikarudi kwa pamoja. "Kwa simu, Mwishehe! Ungekufa. Unasikia? Ungekufa umevaa kanzu nyeupe, watu wanakupongeza, na mimi niko bandani nahesabu siku za eda. Ungekufa kwa ajili ya kuogopa kuonekana na mfuko! Mwanamke aliyepiga magoti mbele yako ukamkimbia, ukaenda kukaa mbele ya watu wanaokuja kukutazama tu! Mimi si mgeni wako. Sikuja kukupa pole. Ningekuwa najifunga kaniki ya msiba sasa hivi, na nisingejua hata ulikufa na kiu."

Akatoka, akapita benchi la wifi yake, akaenda mpaka mwisho wa korido, akaegemea ukuta na kulia. Alilia kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, mdomo wazi, bila kujali nani anapita. Hakuwa amelia siku ya kuambiwa saratani. Hakuwa amelia bandani. Yote yalikuwa yamemngoja hapa, chini ya taa ya umeme inayovuma.

Kutoka ndani akamsikia akiita.

"Firdausi."

Asingeweza kumfuata. Huku dripu, huku mpira. Alichokuwa nacho ni sauti tu.

Akamwacha aite.

"Firdausi."

Mwanajuma akainuka kwenye benchi, akamtazama, akakaa tena. Safari hii aliyeitwa hakuwa yeye.

Kisha sauti ikaja, ndogo, meno yanagongana, homa imepanda.

"Mke wangu, nasikia baridi."

Firdausi akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akarudi ndani.